Daktari wa Taa Hana Mkono

Wakati mmoja nilikuwa naandika hadithi ya kubuni kuhusu daktari wa nuru. Hana mwili. Kuna mtambo darini. Ukiuwasha, mtu mwenye koti jeupe anasimama mbele yako, na ukitaka unapitisha kiganja kifuani mwake. Magonjwa yote anayajua. Anakuuliza hali, unamjibu, naye anakutibu kwa majibu yako. Nilijiona bingwa kwelikweli.

Mama yangu, aliyetulea uhamishoni Uganda kabla hatujarudi Juba, alikuwa anaumwa na hospitali hataki kuisikia. Alilala kwenye mkeka mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Hai Jalaba, blanketi hadi kidevuni, jua likiwaka. Nikamsomea hadithi, nikitumaini itamlegeza.

"Umeme ikikatika, daktari nakufa?"

"Anatumia sola, mama."

"Na akiniuliza hali, mimi nasema nini?"

Mama yangu hajawahi kuulizwa hali akajibu lolote ila "mimi iko mzuri". Kwake hiyo si habari, ni adabu. Ugonjwa husubiri kwanza watoto waulizwe, na mvua, na mihogo. Daktari wangu angesikia "mzuri", angemtakia siku njema na kuzimika.

"Basi, mimi iko mzuri," akasema, akajifunika gubigubi. Meno yalikuwa yanagongana. Niliogopa sana.

Nikamwambia twende tukamsalimie daktari mmoja, mtoto wa jirani yetu wa kule Uganda, ambaye sasa anafanya kazi hapa Juba. Kusalimia mama hakatai. Yule kijana alisimama, akampa mkono.

"Habari yako, mama?"

"Mimi iko mzuri. Kwes, kwes," akarudia kwa Kiarabu cha Juba.

Nusura nipige kelele. Lakini kijana hakuuachia ule mkono. Aliuliza watoto, akauliza shamba letu la Rejaf, akauliza mvua, kama tunavyosalimiana kwetu, na mkono bado kaushika. Kisha akasema polepole, "Mdomo iko mzuri, mama. Mkono iko moto."

Mama akatazama chini.

"Mimi iko mgonjwa," akasema. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Akalazwa. Siku alipoweza kuketi kitandani, hakuuliza chakula wala wajukuu.

"Ile daktari yako ya taa, imepata mkono?"

Nikamwambia bado. Akaninyooshea wa kwake, nikaushika. Ulikuwa umepoa.