Fundi Aliyenipa Neno la Siri Kabambare

Najua utasema nilikuwa nimechoka na safari. Hata mimi ningesema hivyo kama wewe ndiye ungenihadithia. Lakini ilikuwa saa tisa mchana, nilikuwa nimekula, sikuwa na homa, na mtu ninayekusimulia habari zake alisimama karibu nami kama ulivyo wewe sasa.

Mimi ni fundi wa kompyuta, ninakaa Kasongo. Mwaka jana hospitali moja ndogo ya Kabambare iliniita niweke programu mpya ya kuandikia wagonjwa kwenye seva yao, kompyuta kuu ya Linux ambayo haijawahi kuona intaneti. Kule simu inashika ya kuongea tu, tena mpaka upande kilima. Kwa hiyo kila kitu unakipakua Kasongo, unakitia kwenye flashi, unapanda pikipiki, unakula matope siku mbili. Ukisahau kifurushi kimoja, umekwisha.

Nilisahau kimoja.

Nieleze kidogo, usije ukapotea. Programu haisimami peke yake. Inategemea vifurushi vingine vidogo vidogo, na kila kimoja kina toleo lake. Programu yangu ilitaka toleo jipya la kifurushi fulani. Programu ya zamani, iliyoshika orodha ya watoa damu wa hospitali, ilitaka toleo la zamani la kifurushi hicho hicho, na haikukubali lingine. Seva ikaniandikia kwamba vifurushi vinagombana, ikagoma. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilitaka kuwahi kurudi nyumbani kabla njia haijaharibika zaidi, nikalazimisha. Amri ya kulazimisha ipo, na niliiandika kwa vidole vyangu mwenyewe.

Toleo la zamani likafutika. Jipya nalo likakataa kufanya kazi, kwa sababu lilikuwa linakitafuta kile kifurushi nilichokisahau Kasongo. Nikabaki sina hili wala lile, na orodha ya watoa damu haifunguki.

Haikupita nusu saa, Mama Zaina akaingia. Huyo ndiye mkuu wa wauguzi, mama wa makamo asiyepaza sauti. Akaniambia kuna mzazi amejifungua na damu haikatiki. Damu yake ni O hasi, ya nadra. Wenye damu hiyo upande ule ni wachache sana, na majina yao na vijiji vyao vilikuwa ndani ya mashine. Daftari la karatasi lililiwa na mchwa.

“Unipe majina, mutoto wangu,” alisema. “Pikipiki iko pa mulango.”

Nikamwomba dakika kumi. Nilikuwa ninamdanganya, na nadhani alijua.

Nikapekua seva yote. Pale inapohifadhi vifurushi vya zamani palikuwa patupu. Palikuwa na faili moja tu, kubwa, limefungwa kwa neno la siri na fundi aliyenitangulia, mtu nisiyemjua. Nikajaribu jina la hospitali. Nikajaribu jina la mji. Nikajaribu namba za kijinga ambazo watu huweka. Wapi! Mvua ikaanza kupiga bati. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena, nikaenda mlangoni, nikarudi. Ng'ambo ya ukuta nilisikia watu wakipita mbio, na kila hatua niliyoisikia nilidhani ni ya kuja kuniambia kwamba yule mama amefariki.

Nilipogeuka, mtu alikuwa amesimama kando ya dirisha. Shati jeupe, mikono imekunjwa, kalamu mfukoni. Nikadhani ni mfanyakazi wa pale. Wewe ungemuuliza ameingilia wapi? Mimi sikumuuliza. Alitazama skrini muda kidogo.

“Ulilazimisha,” alisema.

Nikakubali kwa kichwa.

“Usifukuze ile ya zamani. Hii masini iko kama nyumba ya bwana mumoja na bibi wawili. Kila mumoja umupe jiko yake.”

Akanieleza taratibu, bila kugusa kitu. Matoleo yote ya zamani yamo katika lile faili lililofungwa. Niyarudishe mahali pake kwanza, orodha ya damu isimame. Programu mpya ingoje, na siku ikija iwekwe kwenye folda yake yenyewe, na toleo lake yenyewe, zisikutane. Ni jambo ninalolijua vizuri, amini. Hofu ilikuwa imelifukuza kichwani. Nikamuuliza neno la siri.

“Andika Sikujua,” alisema. “S kubwa. Ni jina ya binti yangu.”

Nikaandika, faili likafunguka. Nikarudisha vifurushi kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kilipoingia, orodha ikatokea. Nikageuka kumshukuru. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, mvua yote ile, hata alama ya kiatu hapana.

Mama Zaina alichukua majina. Jioni hiyo hiyo mwalimu mmoja wa upande wa Lusangi aliletwa amelowa chapachapa, akatoa damu, na yule mzazi akapona. Kesho yake nilimkuta ameketi kitandani ananyonyesha.

Nilimuuliza Mama Zaina yule fundi aliyenisaidia ni nani.

“Hakuna mutu aliingia,” alisema. “Miye nilikuwa pa baraza tangu mvua inaanza.”

Nikamweleza shati, kalamu, sauti. Akaweka chini vyombo alivyokuwa anaosha. Akasema huyo ni Assani, aliyeiweka ile seva, na kwamba alikufa maji akivuka mto Luama, sasa ni miaka mitatu. Nikauliza kuhusu binti yake, Sikujua. Alijipangusa mikono kwanza. Kisha akasema Assani hakumwona mtoto huyo. Alimwacha tumboni.

Nikarudi kwenye seva kuangalia tarehe. Lile faili lilifungwa wiki chache kabla ya safari yake ya mto. Sasa niambie wewe, nani alimpa Assani jina lile?

Sikuweza kuondoka bila kumwona mjane. Ana duka dogo la sabuni na chumvi, na watu wanamwita Mama Sikujua. Mtoto alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa miguuni pake. Aliniambia jina alilichagua peke yake, siku ya arobaini ya mumewe, kwa kuwa asubuhi ile alipomuaga hakujua kwamba harudi tena. Hakuwa amemtajia mtu yeyote kabla ya hapo. Nikamsimulia yote. Hakulia. Aliuliza jambo moja, kama mumewe alikuwa na maji mwilini. Nikamwambia hapana, shati lilikuwa kavu. Akashusha pumzi.

Kisha akasema, “Kwako alikuja. Kwangu, miaka tatu, hata mara moja. Alisema nini juu yetu?”

Nilikuwa na jina la mtoto tu, na hilo alikuwa nalo tayari.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa nimeligeuzia dirisha mgongo. Nikiona seva imeandika kwamba vifurushi vinagombana, naondoa mikono, nazunguka nyumba, narudi, natazama nyuma kwanza. Mke wangu amezoea. Nimepita Kabambare mara mbili tena, na kila mara Mama Sikujua ananitolea kiti, anakaa mbele yangu, anangoja. Haulizi. Mimi nanunua sabuni na kwenda zangu.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi hii, usilazimishe mashine ya watu. Na siku akija mtu usiyemsikia akiingia, akakufundisha, iache kazi kidogo. Mpe kiti. Muulize ana salamu gani kwa watu wake. Mimi nilimuuliza neno la siri tu.