Mafuta ya Samaki Niliyompa Mama

Mama hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mimi, kwa kusoma tu kwenye simu, nilimnunulia vidonge vya mafuta ya samaki mjini Kericho, nikampa mara mbili ya kipimo ili nisikosee. Alama nyeusi zilipomtoka mabegani, alisema ni kamba za kikapu cha majani chai. Nikakubali upesi.

Kliniki, muuguzi aliuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

Mama alinitazama. "Hakuna, sista."

Alikuwa ananilinda. Nikatoa chupa mkobani.

"Hii na dawa yake zinaweza kuzidisha kutoka damu," muuguzi alisema. "Mngeuliza kwanza."

"Alikuwa ananisaidia," Mama akasema haraka.

Afadhali angenigombeza.