Simu ya marehemu imelia ndani ya mkoba wangu

Leo nimempa karani namba ya simu ya mtu aliyekufa.

Mnajua naenda Vietnam. Miezi sita, peke yangu, na umri huu.

Dada yangu Furaha alinisindikiza kwenye duka la tiketi, pale mtaani Saint-Josse. Kusindikiza ni kusema tu. Alikuja kunizuia.

"Mjane anazunguka nchi za watu kutafuta nini? Bwana wa pili?"

"Natafuta supu, dada."

Bon. Karani akanipa karatasi ya bima. Imeandikwa: tumpigie nani ukipata shida?

Mkono ukaandika wenyewe namba ya Désiré, bwana yangu.

Karani, binti mwenye bidii, akaipiga palepale kuhakikisha kama nimeandika vizuri.

Mkoba wangu ukaanza kuimba.

Ndiyo, bado naichaji simu yake kila Jumapili. Msinihukumu.

Duka zima likageuka.

"Maman, bwana yako anakaa ndani ya sac?" karani akauliza.

"Ndiyo. Na hapokei. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kupokea mara ya kwanza."

Nikacheka.

Furaha akaninyang'anya kalamu. Akaipiga mstari namba ile, akaandika yake.

"Mimi napokea," akamwambia karani. Kisha akanigeukia: "Lakini ukifia huko sikufuati. Ni mbali."

Donc, naondoka. Dada ameruhusu.

Na ninyi, kwenye karatasi kama hiyo mmeandika nani? Mpigieni leo, muone kama anapokea.