Neno Nililolirudia kwa Sauti

Nikiwa chuoni Minneapolis, miaka ya tisini, nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiukreni. Ng'ambo ya barabara aliishi bibi mwingine, Mwojibwe, wa wale wenyeji wa asili wa nchi ile. Kila Jumamosi asubuhi alivuka kuja kwetu, tukakaa jikoni watatu tukikunja vareniki, vitu vya unga vyenye viazi ndani ambavyo mwenye nyumba wangu alivichemsha. Mimi niliviita sambusa zilizonyimwa mafuta, nao wakacheka. Jirani alileta mchele wa porini, mweusi, ambao ndugu zake waliuvuna ziwani kwa mitumbwi. Niliupika pilau ya kwetu Mombasa, kwa iliki na bizari nyembamba, na hadi leo sijala pilau nyingine iliyonikaa moyoni vile. Nayatamani mno majira yale.

Shida yetu ilikuwa masikio. Jirani hakusikia vizuri, na Kiingereza cha mwenye nyumba, aliyekulia kati ya Waukreni wenzake, kilijaa lafudhi ya Kiukreni. Basi kazi yangu ilikuwa kurudia. Huyu akisema, nami nasema tena kwa sauti. Niliizoea kazi hiyo hata sikuwa nikifikiri kinachonitoka kinywani.

Siku moja mwenye nyumba alikuwa akisimulia shamba alikozaliwa, Dakota Kaskazini. Baba yake alifika huko kutoka Ukraine mikono mitupu, serikali ikampa ardhi, akailima mpaka mgongo ukapinda. "Ardhi ilikuwa tupu," alisema. Nami, kasuku mkubwa, nikamwinamia jirani nikatamka kwa sauti, "Ardhi ilikuwa tupu."

Jirani akaweka chini donge lake la unga. Ukoo wa mama yake ulitoka huko huko. Hakumtazama mwenye nyumba, alinitazama mimi.

"Hata wewe?" akaniuliza.

Akanawa mikono, akachukua koti lake, akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Mwenye nyumba alinuna wiki mbili nzima, akishikilia kwamba baba yake hakumwibia mtu. Niliona tunampoteza yule bibi hivi hivi, na hasira zikanipanda, kwa mwenye nyumba kwa ukaidi wake, kwangu mwenyewe zaidi. Nikamwambia la kwetu ambalo sikuwa nimemwambia mtu: babu yangu alipata hati ya shamba, na watu tuliowakuta humo tukawaita maskwota, wavamizi wa ardhi. "Lakini tulipofika," nikasema, "minazi ilikuwa imeshazaa."

Aliendelea kumenya viazi. Akaanza kueleza, polepole, kwamba utotoni alikuwa akicheza kupikapika nyuma ya nyumba yao. Alichezea mawe aliyoyakuta pale yamepangwa, meusi kwa moshi. Baba yake alipofika hapo na plau aliyang'oa, naye alilia siku nzima kwa kuharibiwa jiko lake. Sisi tungeyaita mafiga. Akaweka kiazi chini, akavua aproni.

Niliinuka nimfuate, nikamsaidie kusema.

"Kaa," akaniambia. "Hili nitalisema kwa mdomo wangu."

Nilisimama mlangoni nikitazama. Jirani alimfungulia, akatega sikio. Mwenye nyumba akasema. Jirani akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mwenye nyumba akasema tena, kwa nguvu zaidi, na kiganja hakikushuka. Mara ya tatu bibi wa watu alipaaza sauti hata mtu aliyekuwa akikusanya majani nyumba ya tatu akasimama kusikiliza.

"Haikuwa tupu. Mlikuwepo."

Jirani akampisha, wakaingia ndani wote wawili, na chakula cha mchana siku hiyo nilikula peke yangu.

Kesho yake nilikwenda kumwomba jirani radhi kwa lile neno nililolirudia. Alinimiminia chai, akasema yameisha. Nikamwambia nilimhurumia mwenye nyumba wangu, kupiga kelele vile mbele ya mtaa mzima na umri wake ule.

"Nilimsikia tangu mara ya kwanza," akasema.