Mkamua Nge wa Kitengela

Zipporah Seleyian alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipoajiriwa kukamua nge. Watu wa Ewuaso Kedong, kijijini kwao, walicheka mpaka wakajishika mbavu. Amekamua ng'ombe, amekamua mbuzi, walisema, sasa mifugo imeisha?

Aliyemwajiri aliitwa Daktari Makena. Si daktari wa hospitali. Alikuwa mwanakemia kutoka Meru, mwanamke mwembamba mwenye kusema haraka, aliyefika asubuhi moja na ndoo za plastiki akitafuta mtu wa kumsaidia kupindua mawe. Wengine walidhani anatafuta madini, wakamkwepa. Zipporah hakumkwepa. Alikuwa amechunga mbuzi kwenye miteremko ile tangu utotoni, na aliweza kulitazama jiwe akajua kama chini yake kuna nge. Siku hiyo alimpatia kumi na wanane kabla ya saa sita. Wiki mbili baadaye akahamia Kitengela, kwenye maabara ya Makena, akawa anarudi nyumbani kila Jumamosi.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya duka la mabati na saruji. Chumba kimoja kilikuwa cha nge, kila mmoja kwenye kopo lake, maana ukiwaweka pamoja wanakulana. Chumba cha pili kilikuwa na mashine ya kuchuja sumu, iliyoendeshwa na kijana aitwaye Gitonga. Cha tatu kilikuwa ofisi, na friza kubwa ikinguruma pembeni.

Zipporah alifundishwa kumshika nge kwa koleo, kumgusisha mkia kwa waya wenye umeme mdogo, kisha kukinga tone linalotoka kwenye mwiba. Tone moja tu, dogo kuliko punje ya mtama. Halafu unamwacha nge apumzike wiki tatu. Aliumwa mara mbili, na mara ya pili mkono ulikufa ganzi mpaka begani siku nzima. Hakuacha kazi.

"Hii sumu inaenda kufanya nini?" alimuuliza Makena mwezi wa kwanza.

"Mishipa ya fahamu iko na milango midogo midogo," Makena alimwambia. "Mlango mmoja unapitisha joto, mwingine unapitisha maumivu. Sumu ya nge iko na vitu vingi ndani, na kila kitu kinaenda kwa mlango wake. Tukipata kile kinachoshika mlango wa maumivu peke yake, tunakibandika rangi inayong'aa. Halafu kwa darubini tunaona maumivu yanapita wapi."

"Kwa hivyo ni dawa."

"Hapana, yieyo," Makena alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Si dawa. Ni kifaa cha kutafutia. Dawa watatengeneza wengine, labda baada ya miaka mingi."

Zipporah aliyaelewa maneno hayo vizuri kuliko alivyotaka. Mumewe, Tajeu, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na nyayo zake zilikuwa zikiwaka kana kwamba amesimama kwenye makaa. Alishinda ameketi mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji. Kila Jumamosi Zipporah aliporudi, salamu ikiisha tu, alimuuliza, "Ile dawa imefika wapi?"

"Si dawa, Baba Lemein."

"Sawa. Imefika wapi?"

Mwaka wa sita ilifika mahali. Gitonga alikuwa amechuja sumu ikagawanyika katika sehemu nyingi, na sehemu ya kumi na moja ikashika mlango mmoja bila kugusa mingine. Wakaibandika rangi. Makena aliitia kwenye mishipa ya panya, akainama kwenye darubini, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa analia. Akamwita Zipporah aje aone. Kulikuwa na giza, na ndani ya giza nyuzi za kijani, nyembamba, zikigawanyika kama mizizi.

Zipporah aliomba picha ichapishwe, akaipeleka nyumbani. Tajeu aliishika kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo hii ndiyo inaniuma," alisema.

Ilibandikwa ukutani.

Barua ilikuja miezi saba baadaye. Wafadhili walikuwa ng'ambo, na huko mipango ilikuwa imebadilika; ruzuku iliyokuwa na miaka miwili mbele yake ingekoma mwisho wa mwezi. Haikusema kuna kosa. Makena aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi.

Miezi mitano aliandika maombi. Asubuhi Zipporah alimkuta uchovu wa jana bado uko usoni. Majibu yalikuwa ya adabu. Wengine walisema kazi ni nzuri ila iko mbali mno na mgonjwa. Wengine walisema wanafadhili chanjo na mbegu za mahindi. Shirika moja liliomba maelezo zaidi, likapelekewa kurasa arobaini, halafu likanyamaza.

Gitonga alipata kazi kwenye kiwanda cha rangi za nyumba, akaaga. Zipporah aliendelea kuja bila mshahara, kwa sababu nge hawajui habari za ruzuku; lazima wale. Kisha transfoma ya mtaa ikaharibika, stima ikapotea siku tatu, na jenereta haikuwa na petroli. Sumu iliyokaushwa ilipona, lakini ilikuwa kidogo mno kuchujwa upya. Ile iliyobandikwa rangi, yote waliyokuwa nayo, iliharibika.

Makena alizitoa chupa kwenye friza moja moja, akazipanga mezani. "Tungekuwa na mwezi mmoja tu," alisema, "ningeituma mahali."

Zipporah alichukua kitambaa akapangusa maji yaliyomwagika sakafuni.

Nge walikuwa sitini na wanne. Ama wauawe, ama warudishwe walikotolewa. Zipporah aliomba warudishwe. Wakapakia makopo kwenye gari la Makena, na huko Ewuaso Kedong shemeji yake mkubwa akawasimamisha barabarani.

"Ulitutolea sumu tukashukuru," yule mama alisema. "Sasa unaturudishia?"

"Nitawapeleka mbali na boma."

"Watoto wanachunga huko mbali."

Hilo lilikuwa kweli. Zipporah alitembea mpaka mteremko wa juu kabisa, ambako hata mbuzi hawapandi, akawaachilia huko, kila nge na jiwe lake. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Makena alirudi Meru kufundisha kemia katika shule ya sekondari.

Mwaka uliofuata Tajeu alikanyaga msumari bila kujua, maana nyayo zilizowaka hivyo zilikuwa zimeacha kuhisi kitu kingine chochote. Kidonda kikaoza. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Siku moja baada ya kurudi nyumbani alimwita mkewe kwa sauti ya aibu.

"Mama Lemein, ule mguu hauko. Lakini bado unawaka."

Zipporah alimwamini. Alikuwa amefundishwa kwamba maumivu yana njia zake, na njia haikatwi pamoja na mguu.

Mwezi wa pili wa mwaka huu Makena alipiga simu, akamsalimu kwa Kimaasai. "Takwenya, yieyo."

"Iko," Zipporah aliitikia.

"Kuna watu huko nje wamesoma ripoti yetu. Wanataka sehemu ya kumi na moja. Wako na mashine, wako na kila kitu. Wanataka sumu tu. Unaweza kupata nge mia mbili?"

Zipporah alitoka asubuhi iliyofuata na ndoo mbili. Kufika mteremko wa juu alikuta barabara ya malori. Mwenye shamba alikuwa ameuza mawe ya kokoto, tingatinga likazoa kila kitu mpaka udongo mwekundu, mteremko baada ya mteremko. Alizunguka kingo zake mpaka saa kumi. Alipata wanne, na mmoja alikuwa na mkia uliovunjika.

Alimpigia Makena akamweleza.

"Pole, yieyo," Makena alisema. "Waache tu."

Zipporah aliwaweka chini ya mawe aliyoyaokota kando ya barabara, akabeba ndoo zake tupu, akateremka kwenda kumbadilishia Tajeu bandeji.