Mdomo wa Mama Winrose

Mtaa mzima wa Rhonda ulimjua Anyango kwa sauti. Akinadi omena zake, wale dagaa wa ziwani, sokoni, watu wa mtaa jirani wa Kaptembwo walianza kutafuta vikapu. Basi bintiye Winrose, aliyejiunga na jeshi la majini la Marekani baada ya kupata uraia huko, alipopangiwa nyambizi ya nyuklia, kazi yake kusikiliza meli nyingine baharini, majirani walicheka: mtoto wa Anyango alijifunzia wapi kusikiliza?

Kabla ya nyambizi kuzama, Winrose alimpigia mamake simu. "Mum, tukishuka sitapatikana. Nitakuja home August, lakini usiambie mtu. Tarehe zetu ni siri."

"Hata Wangechi?"

"Huyo ndiye wa kwanza kutoambiwa!"

Miezi ikapita bila salamu. Wangechi, fundi wa nguo aliyepakana kibanda na Anyango, akaanza. "Mathe, meli gani hukaa chini ya maji hivyo bila kuweka mafuta? Huyo msichana yuko jela."

"Ni nyuklia. Haipigi foleni petrol station kama boda," Anyango alijibu, ila maneno yalishaenea. Jumapili moja kina mama wa kanisa wakamjia na mandazi kumwombea binti aliyepotea, na mmoja akaanzisha wimbo wa matanga.

Anyango alichemka. Neno Agosti lilimfika kwenye meno. Angelitema tu, angewanyamazisha wote. Na tusidanganyane, aliogopa pia, kwa maana hata yeye hakuwa na hakika kama binti yuko hai. Akajaza mdomo mandazi, akatafuna, akasema amina. Wakamwona kimya kwa mara ya kwanza maishani, wakadhani ni majonzi.

Jumamosi moja ya Agosti, soko limefurika, msichana mwenye begi mgongoni akasimama mbele ya omena.

"Mathe, za how much?"

Anyango aliinua macho, kopo likamtoka mkononi. Wangechi naye ghafla alikuwa na sindano ya kutafuta chini ya cherehani.

Winrose, aliyekwisha kusimuliwa yote na majirani njiani, alitoa beji ndogo ya pomboo wawili, ile wanayopewa mabaharia waliofuzu nyambizi, akaibandika kwenye aproni ya mamake iliyonuka samaki. "Kazi yetu huko chini ni kunyamaza, mum. Wewe umenyamaza ukitukanwa. Hii ni yako."

Mama akaigusa.

"Sasa naweza kupiga kelele?"

"Piga."

Akapiga vigelegele, na watu wa Kaptembwo wakachukua vikapu.