Mlozi wa Uwanja wa Mukaka

Nilipokuwa mtoto pale Bwera, kila mtu alijua kwamba mtu mwenye akili zake akishakula anafunga mlango na kulala. Anayezungukazunguka gizani bila taa ni mlozi, basi, hakuna mjadala. Anacheza kwenye milango ya watu, anawatia watoto homa, halafu asubuhi anakusalimia vizuri na kukuulizia hali ya nyumbani. Sisi watoto tulijua mengi zaidi. Tulijua kwamba akikuita jina usiitike, na kwamba ukikojoa kitandani kwa kumwogopa huruhusiwi kupigwa. Hilo la mwisho nililitunga mwenyewe, na mama hakulikubali.

Tulikuwa tunapanga chumba kwa Mukaka. Mukaka kwa Kikonzo ni bibi, na yule mwenye nyumba alikuwa bibi wa wote, hata wa watu wasiomtaka. Vyumba vyake vilitazamana, katikati uwanja wa udongo uliofagiliwa. Nyuma ya jiko kulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, kimo cha mbuzi, cha wazee waliokufa. Mukaka hakukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini jioni aliweka pale kikombe cha bushera, uji wetu wa mtama uliochachuka kidogo, kwa ajili ya marehemu mume wake. Asubuhi alikuta kikombe kikavu.

“Mzee amekunywa,” alitutangazia kwa furaha. “Hata hakubakisha!”

Baba yangu alikuwa mpagazi Mpondwe, mpakani, akipakua malori yanayotoka na kwenda Kongo. Walimwita Baba Masika kwa sababu Masika ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Mwaka mmoja kabla ya haya, ubao wa lori ulimwangukia nyuma ya goti. Kidonda kilipona, kovu likakauka, baba akarudi kazini akitembea vizuri mbele za watu. Lakini daktari alikuwa amemwambia kwamba neva imeumia ndani, na neva hiyo ilikuwa na tabia mbaya: mchana ilivumilika, usiku iliwaka moto. Shuka tu ikimgusa mguu, baba alishtuka kama aliyepigwa. Kilichomtuliza kidogo ni udongo baridi. Kwa hiyo tukishalala alivua viatu, akajifunga shuka nyeupe kwa sababu ya baridi inayoshuka milimani, akatoka kuzunguka uwanja mpaka alfajiri.

Mimi nilijua. Chumba kilikuwa kimoja na pazia, ungeficha nini? Mama alituonya, “Atakayesema nje, ataniona.” Kila asubuhi msimamizi wa wapagazi aliwachagua watu kwa kuwatazama miguu na migongo, na baba aliogopa kwamba akijulikana ana mguu mbovu hatachaguliwa tena.

Sasa usiku mmoja jirani yetu Mama Kavira, mfanyabiashara wa maharage aliyetoka Butembo, Kongo, alifungua mlango aende chooni. Akaona kitu kirefu cheupe kinaburuza mguu karibu na kile kibanda. Alifunga mlango, na haja yake, alivyotusimulia mwenyewe bila aibu, aliimalizia kwenye sufuria.

“Mi niliiona na macho yangu!” alilia kulipokucha. “Mutu murefu, mweupe, iko natembea busiku! Mukaka, apa kwetu kuko mulozi!”

Mukaka hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema kila mlango umwagiwe majivu ya jikoni kabla ya kulala, maana mlozi anaruka ukuta ila hawezi kuruka alama za miguu yake. “Nikiona mguu yake nitaijua,” alisema. “Na kama ni mutu ya hapa kwangu, atatoka na vyombo vyake siku hiyo hiyo.” Mama alikuwa anaosha masufuria. Nilimwona ameacha kusugua.

Usiku ule baba alijitahidi kweli. Nilimsikia akijigeuza, akiuma meno, mama akimnong'oneza, “Vumilia leo tu.” Nilimwonea huruma mpaka nikaanza kulia chini ya blanketi. Mwishowe mlango ulilia taratibu. Pengine alifikiri ataruka majivu ya mlangoni, na kweli aliyaruka. Asichokijua ni kwamba Mukaka alikuwa amemwaga mengine katikati ya uwanja na kukizunguka kibanda, bila kumwambia mtu.

Alfajiri nilitoka na dumu kwenda kuchota maji. Lo! Alama zilikuwa wazi: mguu mmoja mzima, mwingine umeburuzwa, raundi kwa raundi, kisha zikaelekea moja kwa moja kwetu. Nikawaza kwa akili ya mtoto: alama zikiwa nyingi, nani atajua ni za nani? Nikaweka dumu chini, nikaanza kuzunguka kwenye majivu kwa nguvu zangu zote. Na ili zifanane, nikaburuza mguu.

Mlango wa Mama Kavira ukafunguka.

“Yesu Maria! Kumbe ni huyu! Mulozi njo huyu mutoto!”

Watu wakamwagika nje. Jirani yetu askari polisi, tuliyemwita Afande kwa kuwa hakuna aliyeweza kulitamka jina lake la huko kaskazini, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu. “Wewe! Simama hapo hapo!” Nikasimama wima, majivu mpaka magotini. Wapagazi wawili wanaofanya kazi na baba waliingia kuona kuna nini. Mukaka akaja polepole, akatazama chini, akanitazama mimi.

“Masika, nani alikufundisha kutembea hivi?”

Machozi yalikuwa yananitoka, kamasi nazo hazikubaki nyuma.

“Wanafundishaka watoto wangali wadogo!” Mama Kavira alisema. “Asicheze tena na wangu!”

Hapo ndipo baba alipotoka. Mama alimshika shati kwa nyuma, “Baba Masika, kazi yako,” lakini baba aliuondoa mkono wake pole pole.

“Muache mutoto,” alisema. “Mlozi wenu ni mimi.”

Akakunja suruali mbele ya wote, mbele ya wale wapagazi wawili. Mguu ulikuwa umekonda chini ya goti kuliko mwenzake, na ngozi yake ilimetameta vibaya. Akaeleza kila kitu: moto wa usiku, shuka, udongo baridi. Alieleza akimtazama Mukaka tu. Nadhani angewatazama wenzake sauti ingemwishia.

Mukaka aliinama akautazama mguu ule. Kisha akauliza, “Yale makaa Mama Kavira anaacha nje, mvua ikinyesha usiku ni nani alikuwa anayafunika?”

“Ni mimi.”

Mama Kavira alifumba mdomo, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alikuwa ameshamtolea sadaka malaika wake mlinzi kwa ajili ya makaa yale.

“Na bushera ya mzee?”

Baba akainamisha kichwa. “Mukaka... nilikuwa nasikia kiu.”

Ee bwana! Kunywa cha marehemu! Hata Afande alivua kofia. Nilishika mkono wa mama nikijua sasa tunafukuzwa, hakuna cha kutuokoa. Mabega ya Mukaka yakaanza kutikisika, nikadhani analia kwa uchungu. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu yake mwenyewe.

“Na mimi nawaambia wajane wenzangu kanisani, mzee wangu amepata hamu ya kula huko aliko!” Akajipangusa macho. “Sikia, mwanangu. Mzee yangu alikuwa mchoyo sana. Kama hakukukaba shingo, basi alikubali. Lakini leo naweka vikombe viwili.”

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, mama akicheka na kulia pamoja. Mama Kavira alinifuta majivu kwa kitenge chake kipya, akirudia “pole, mutoto, pole,” mpaka nikaanza kujisikia mtu mkubwa.

Alichokiogopa baba kilitokea. Kabla ya adhuhuri Mpondwe yote ilijua, na msimamizi akamwondoa kwenye magunia. Alinyong'onyea siku kadhaa. Kisha Mama Kavira akamwita akae kwenye meza yake ya maharage sokoni, yeye avuke kwenda Kasindi kufuata mzigo, na ikajulikana kwamba baba ana mdomo wa biashara. Mguu haukupona, nisidanganye. Vidonge vya hospitali vilimsaidia kiasi, na chumvi ya Katwe iliyopashwa moto na kufungwa kwenye kitambaa ilimsaidia usiku mwingine na mwingine ikakataa. Lakini sasa alizunguka uwanja wazi wazi, na Afande akitoka zamu aliweka ubao wa mweso, bao letu la kete, kwenye benchi, wakacheza na kubishana mpaka Mukaka akawapigia kelele dirishani kwamba walozi wana adabu kuliko wao.

Mimi sasa naishi Kasese, na baba bado yuko Bwera, bado halali vizuri. Nikiwa mtoto nilidhani nilikuwa namwokoa. Nilipopata mtoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile baba alikuwa na jambo moja alilolificha kwa mwaka mzima, kwa maumivu ambayo siwezi hata kuyafikiria, na akalitupa mbele ya watu wote ili mimi nisiitwe jina baya. Nikimpigia simu nataka kumwambia hilo, naye ananiuliza bei ya maharage Kasese.

Juzi binti yangu, aliyesikia hadithi shuleni, aliniuliza kama kweli walozi wa usiku wapo. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia sijui, mama, labda wapo. Ila ukimwona mtu anatembea peke yake usiku, kwanza mpe pole, umuulize anaumwa wapi.